Baba Mdogo wa Bluu

Vijana wanaokuja dukani kwangu Chemchem kutengenezewa picha za nyimbo zao wana majina yanayonichosha kabla sijawasha kompyuta. Mmoja anajiita Penseli Kali. Mwenzake, ambaye walikuwa kundi moja kisha wakakosana, sasa anajiita Kifutio, na nyimbo zake zote zina kazi moja tu, kumfuta Penseli. Yupo pia binti mmoja mwimba injili anayejiita Turubai. Nilipomuuliza sababu, alisema Mungu ndiye mchoraji. Nikampa kiti.

Wanadhani wao ndio wa kwanza Tabora nzima kuchanganya rangi na muziki. Nikiwaambia kwamba ukoo wetu uliyafanya hayo zamani, tena kwa ndoo halisi, wanaitikia "sawa mama" huku macho yao yakiwa kwenye simu. Nami sipendi kusimulia watu wanaotazama simu. Bora niandike, asiyetaka asisome.

Baba mdogo, yule anayemfuata baba yangu kwa kuzaliwa, alikuwa mpaka rangi wa nyumba. Kuta nyingi za mjini na za njia ya Kwihara zilipita mikononi mwake. Mchana alipaka, jioni alipiga gitaa, na wenzake watatu wa kazini ndio waliokuwa wenzake wa bendi. Hawakuhangaika kutafuta jina. Walijiita Wapaka Rangi Jazz, na ngoma zao zilikuwa makopo na ndoo za rangi zilizokwisha, zimepangwa kuanzia kubwa hadi ndogo. Mpigaji alijua kila ndoo iliwahi kuwa na rangi gani. Alikuwa anaapa kwamba iliyokuwa na nyeupe hulia vizuri kuliko iliyokuwa na kijani, na hakuna aliyethubutu kumbishia.

Kila mmoja alijipa jina la kisanii kutoka kazini. Mwimbaji aliitwa Msasa, maana sauti yake ilikwaruza. Wa gitaa la besi alikuwa Rola. Mpiga ndoo aliitwa Tina, kama ile ya kuzimulia rangi, kwa sababu wimbo hata uwe mzito vipi, akiugusa unakuwa mwepesi. Baba mdogo alijiita Mkono wa Pili. Wapaka rangi ukuta wanaupaka mara mbili, na kila mara huitwa mkono. "Mkono wa kwanza kila mtu anaweza," alikuwa anasema. "Uzuri wa nyumba unakuja na mkono wa pili." Alikuwa mtu wa maringo kidogo, nami nilimpenda kwa hayo hayo maringo.

Wakati huo mimi nilikuwa msichana mkubwa, nimemaliza shule, nimeajiriwa kwenye steshenari moja karibu na soko. Tulikuwa na kompyuta moja, kioo chake kinene kama televisheni, na ilifunikwa kitambaa cha kudarizi kama vile ni bibi harusi. Mteja alivua viatu mlangoni, eti vumbi lisiingie ndani ya mashine. Vumbi la Tabora unalijua mwenyewe, linaingia hata kwenye ndoto. Kazi yangu ilikuwa kuchapa mitihani ya shule na kadi za harusi, na wateja wakipungua nilifungua ile programu ya kuchorea.

Nani aliyekuwa akitumia kompyuta miaka ile asiikumbuke? Pembeni palikuwa na vijipicha vya zana: penseli, brashi, kifutio, kopo la kupulizia linalomwaga vitone, na ndoo iliyoinama ya kumwaga rangi. Chini kulikuwa na vibweta vya rangi mbalimbali. Kuchora kwa kipanya ni sawa na kuandika jina lako mchangani kwa kisigino, lakini mimi nilijifunza. Nilichora kuku, nikachora stesheni ya treni, nikamchora bosi wangu, huyo nikamfuta upesi.

Sasa baba mdogo akapenda.

Alikuwa amekwenda Nzega na wenzake kupaka nyumba ya wageni. Wakawa wanakula kwenye mgahawa wa dada mmoja karibu na stendi, mtu mzima, mwenye wali mweupe na maneno machache. Hakuwa mtu wa kucheka ovyo. Baba mdogo alitumia juma zima la vichekesho, na alipofanikiwa kumchekesha mara moja, kwisha habari yake. Nyumba ile ya wageni ilipakwa mikono minne. Mwenye nyumba alishangaa ukarimu huo, na Rola alituambia baadaye kwamba kama rangi isingeisha wangekuwa Nzega mpaka leo.

Yule dada naye alikuwa amempenda, ila alimwambia wazi, "Mimi sina neno. Mwenye neno ni kaka." Wazazi wao walikuwa wametangulia, na kaka yake ndiye aliyemlea. Alikuwa mkulima wa pamba na mzee wa kanisa, mtu anayevaa kofia hata ndani ya nyumba. Baba mdogo alikwenda kujieleza. Kaka mtu alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kupaka rangi ni kazi halali, lakini gitaa na vichekesho vinamtia shaka, na dada yake hataolewa na mchekeshaji.

"Basi nipime," baba mdogo akasema.

Kaka mtu akafikiri. Akamwambia kwamba baada ya mavuno kuna mashindano ya ngoma hapo Nzega, alete hiyo bendi yake. "Watu wakibaki kwako mpaka jua linazama, njoo tuzungumze. Wakikukimbia, rudi Tabora ukapake kuta. Mtu asiyeweza kukaa na watu jioni moja, atakaaje na mke?"

Asiyekulia huku kwetu ataona ni sharti la ajabu. Lakini kwa Wanyamwezi na kwa jirani zetu Wasukuma, mashindano ya ngoma hayana waamuzi wa kukaa mezani na kalamu. Makundi mawili yanapiga kwa wakati mmoja, kila moja upande wake wa uwanja, na watu ndio mizani. Wakivutiwa huku wanasimama huku, wakichoka wanahamia kule. Ndiyo maana kila kundi huja na ajabu yake. Huyu atacheza na chatu, yule atarusha majembe hewani, mwingine atatembea juu ya miti mirefu. Ajabu inatangazwa mapema, na ukishaitangaza, uje nayo. Watu wa huku watakusamehe ukikosea wimbo, lakini hawatakusamehe ukiwanyima ajabu uliyowaahidi.

Baba mdogo hakuwa na ajabu yoyote. Alikuwa na nyimbo nzuri na alidhani zinatosha. Alichotaka kwangu ni bango.

Alikuja steshenari mchana mmoja bosi alipotoka, akavua viatu, akakaa kwenye kiti cha wateja na gitaa lake mapajani. Nilimwamkia, akaitikia "marahaba" bila kutikisa shingo, maana alishaanza kukaa kipicha. Nikamchora taratibu kwa penseli ya ile programu: kofia, macho, mdomo uliofunguka na meno yake, koti, mikono, gitaa. Nilikuwa namaliza aliposema, "Weka ndevu. Yule anazipenda."

Ndevu zake zilikuwa chache za kidevuni. Nikafuta mstari wa kidevu, nikachukua kopo la kupulizia, nikampulizia vitone vyeusi. Zikatokea ndevu za kweli kabisa, akasogeza kiti ajitazame karibu.

Hapo ndipo alipoiona ndoo. "Na hiyo?"

"Ni ya kumwaga rangi, baba mdogo. Unabofya mara moja, mahali pote panajaa."

"Nipishe. Miaka yote hii nabeba ndoo, nishindwe na hii isiyo na uzito?"

Nikampisha. Ungefanyaje? Akakishika kipanya kama anavyoshika brashi, kikafika ukingo wa meza, akakiinua juu hewani akawa anakisogeza huko huko. Nikamwelekeza. Nilipendekeza tuanze na koti, akanitazama kwa huruma. Mpaka rangi haanzi na vitu, alisema, anaanza na ukuta. Akachagua bluu, akapeleka ile ndoo nyuma ya picha, akabofya.

Ukuta ukajaa bluu. Na kwa kuwa ndoo ya kompyuta haina ubinadamu, ikikuta mwanya wa kitone kimoja inapita, bluu ile ikapenya katikati ya vitone vya ndevu, ikapanda kidevuni, ikamjaza uso mzima mpaka chini ya kofia. Yalibaki macho na meno tu, meupe pe. Koti lilisalimika kwa sababu mistari yake ilikuwa imefungwa.

Baba mdogo hakutishika. Akasema ukuta ukikosewa unapigwa rangi nyingine, akabofya nyeupe, uso na ukuta vikawa vyeupe pamoja. Akabofya kahawia ili arudishe ngozi yake, ukuta nao ukawa kahawia. Akajaribu kijani, akajaribu njano. Uso na ukuta vilikuwa vimeshakuwa kitu kimoja, hakuna cha kuvitenganisha. Nikataka kurudi nyuma, lakini programu ile ilikubali kufuta makosa matatu ya mwisho tu, na baba mdogo alishapita huko kitambo. Nikasema nianze upya. Wakati huo huo taa ya dari ikaanza kupepesa, na kila mtu Tabora alijua maana yake: umeme unaaga.

"Rudisha bluu uchapishe," akasema. "Basi la Nzega linaondoka asubuhi."

"Na uso?"

"Wataelewa ni mwanga."

Juu nikaandika WAPAKA RANGI JAZZ. Chini yeye mwenyewe akataka iandikwe NJOONI MJIONEE KWA MACHO YENU. Zikatoka nakala nyingi kabla giza halijaingia kwenye mashine. Kesho yake zikaenda kwa kondakta, zikapokelewa na yule dada wa mgahawa, naye akazibandika kwenye mashine za kusaga, kwenye stendi, kwenye ghala la pamba. Zilionekana kila mahali. Tulifurahi sana, wajinga sisi.

Siku ya mashindano nami nilikwenda, sikubali kusimuliwa. Tuliposhuka Nzega na ndoo zetu, bibi mmoja mwenye kikapu cha michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, akatusogelea.

"Mwadila," akatusalimu. "Yule wa bluu mmemficha wapi?"

Tukacheka, tukidhani ni utani. Hatua chache mbele mwanamume mmoja akauliza vilevile. Halafu mwendesha baiskeli. Halafu wanawake waliotoka Igunga asubuhi hiyo, wamebeba chakula chao, wakatuambia wamekuja kwa ajili ya mtu wa bluu, maana chatu wameshamwona mwaka jana. Tina akaweka ndoo zake chini. Wote tukaelewa kwa pamoja: watu walikuwa wameona bango, wakaona ahadi ya ajabu, wakaiamini.

Msasa, ambaye akili yake iko karibu na mikono, alisema tatizo liko wapi, si tuna kopo la bluu kwenye mfuko? Rola akamwambia ile ni rangi ya mafuta, itatoka na ngozi. Lakini baba mdogo hakuwa anawaza mafuta. Alikuwa amevaa koti lililopigwa pasi na tai, na uso wake ulikuwa wa mtu anayekwenda kuposa. "Mimi napaka, sipakwi," alisema. Kisha akaniambia pembeni, kwa sauti ndogo, "Nikijipaka, kaka yake ataona mchekeshaji. Nisipojipaka, watu wataondoka. Sasa wewe uliyesoma, niambie nifanye nini." Nikamnyoosha tai yake.

Kaka mtu alikuwa ameweka kiti chake katikati kabisa ya uwanja, kofia kichwani, aone pande zote mbili. Upande wa pili kulikuwa na kundi la chatu, ngoma kubwa za ngozi, na chatu mwenyewe bado kwenye gunia. Upande wetu umati ulikuwa mkubwa zaidi. Ndiyo, walianza kwetu wote, wakiangaza huku na huku wakimtafuta mtu wa bluu.

Bendi ikapiga, na ilipiga vizuri, sijawahi kuwasikia wakipiga vile. Wimbo wa kwanza watu walisubiri. Wimbo wa pili wakawa wanatazamana. Wa tatu ulipoanza sauti ikatoka nyuma, "Mtoeni basi wa bluu." Baba mdogo akaongeza madoido kwenye gitaa. Kule ng'ambo gunia likafunguliwa.

Watu wa kwetu huondoka kwa adabu. Mmoja anajikuna shingo, anageuka kama aliyekumbuka kitu nyumbani, kisha unamwona yuko kwa chatu. Mwingine anamfuata kwenda kumwita, naye harudi. Niliwaona wakimumunyuka hivyo hivyo, nikakasirika, na mimi nikikasirika huwa sinyamazi. Nikamshika mkono baba mmoja mnene nikamuuliza, "Kwani wewe unasikiliza muziki kwa macho?"

"Binti," akanijibu kwa upole, "bango lilisema tujionee."

Nikamwachia aende.

Yule dada wa mgahawa alikuwa nyuma yetu na masufuria yake, anauza chakula. Asubuhi hiyo alikuwa amefua hapo hapo vitambaa vyake vya meza, vile vyeupe, na kila anayefua nguo nyeupe ana bluu ya kufulia, ile ya unga. Nilimwona akiifungua pakiti, akiimimina kwenye beseni na maji kidogo, akikoroga kwa kidole. Akaja nalo mpaka mbele ya bendi, akasimama mbele ya baba mdogo.

"Inama."

Baba mdogo hakuacha kupiga. "Sitaki kaka yako anione mchekeshaji."

"Kaka ana macho yake, na mimi nina yangu. Inama. Kinyozi hajinyoi."

Akainama. Yule dada akamvua kofia, akachovya mikono yote miwili, akaanza kumpaka kuanzia kwenye paji la uso, polepole, mashavu, pua, nyuma ya masikio, kama mama anayempaka mtoto mafuta asubuhi ya shule. Tina alisahau kupiga ndoo. Kwetu mwanamke hamshiki mwanamume uso mbele za watu, na huyu alikuwa hajaolewa naye, na kaka yake alikuwa ameketi pale pale anatazama. Alipofika kwenye ndevu alizipaka nazo, kwa uangalifu, moja moja. Wanawake wa Igunga ndio waliopiga vigelegele kwanza.

Watu wakarudi mbio. Baba mdogo alipoinua uso ule, macho na meno tu ndiyo meupe, uwanja ulilipuka kwa kicheko, akapiga gitaa kama mwenye wazimu, na yule dada akacheka. Nilimwona akicheka mpaka akashika mbavu, akajiachia alama za vidole kwenye gauni.

Ningependa kuandika kwamba tulishinda. Nimesikia Msasa akisimulia hivyo kwenye harusi za watu, msimwamini. Mtu wa bluu ukishamwona umemwona. Kule ng'ambo mchezaji alimvisha mwenyekiti wa kijiji chatu shingoni, na baada ya hapo hakuna bendi duniani ingeshindana nao. Watu wakahama tena, safari hii bila hata kujikuna shingo. Jua lilipogusa miti walikuwa wamebaki kwetu bibi wa michembe, walevi wawili waliolala, na wale wa Igunga, nao walikuwa wanafunga mizigo. Bendi ikanyamaza yenyewe.

Kaka mtu akainuka. Akakibeba kiti chake akaja nacho mpaka kwetu, akakiweka chini, hakukikalia. Baba mdogo alisimama na uso wake wa bluu na tai yake, mikono nyuma, kama mwanafunzi.

"Nilisema watu wabaki," kaka mtu akasema. Hakusema kwa ukali. "Mimi mwenyewe nimetazama. Watu hawakubaki."

Baba mdogo akaitikia, "Ni kweli, kaka." Akaanza kulegeza nyuzi za gitaa.

Yule dada alikuwa bado ameshika beseni. Akaliweka juu ya ndoo, akasogea akasimama kati yao, mikono yake bluu mpaka viwikoni.

"Kaka, mimi nimebaki," akasema. "Tangu asubuhi niko hapa. Au mimi si mtu?"

Kaka mtu alimtazama dada yake, huyo aliyemlea tangu akiwa wa kubebwa, na sidhani kama kuna siku aliwahi kuulizwa swali kama lile. Akaivua kofia yake. Baba mdogo alikuwa analia waziwazi, machozi yanachora mistari miwili ya kahawia kwenye ile bluu, na hakuna aliyemcheka, hata mimi ninayecheka kila kitu.

Mwishowe kaka mtu akakunja kofia, akaitia mfukoni.

"Nenda kanawe mikono," akamwambia dada yake. "Wageni wetu hawajala."